Nilimzimia Baba Mkwe Redio kwa Swichi ya Taa

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia wewe wa gazetini na si wale wa vipindi vya redioni kwa sababu redioni sauti yangu ingetambulika, na wa kwanza kunitambua angekuwa huyohuyo ninayetaka kukueleza habari zake, baba mkwe wangu, ambaye gazeti halisomi kwa kuwa ana mtoto wa jicho macho yote mawili na herufi ndogo kwake ni sisimizi wanaotembea, kwa hiyo hapa najiona salama kidogo, ingawa ukimaliza kusoma utaniuliza ni salama gani hiyo, na utakuwa na haki.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, sare za shule zaidi, na magauni watu wanapokuwa na sherehe zao. Mume wangu ni dereva wa lori, akiondoka Jumatatu tunamwona tena Ijumaa, na watoto wako shule mpaka jioni, kwa hiyo kutwa nzima nyumba huwa ni ya watu wawili, mimi na baba yake. Baba alihamia kwetu miaka sita iliyopita baada ya mama mkwe kufariki, na niseme mapema kabla hujaanza kunikunjia uso kwamba si mzee mbaya, hachagui chakula, hana maneno ya kuumiza, shati lake analifua mwenyewe. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kukamua mafuta na wenzake walimwita Kipimo, maana alikuwa akiegemeza sikio kwenye mashine, anafumba macho, halafu anasema beringi ya tatu imekufa, wanafungua wanaikuta imekufa kweli. Mpaka leo mimi nikiwa nashona na yeye yuko upande wa pili wa ukuta, nasikia, "Mama, hiyo cherehani inataka mafuta," nikiangalia nakuta inataka mafuta.

Shida ni redio. Anayo redio kubwa ya zamani, ya kitasa cha kuzungusha, imekaa sebuleni kwenye rafu iliyopigiliwa ukuta uleule ambao upande wangu nimeegemeza meza ya kukatia nguo. Inawaka asubuhi mpaka jioni na sauti iko juu, maana stesheni anayoipenda inatoka mbali na inafika imechoka. Taarifa ya habari naisikia neno kwa neno nikiwa na pini mdomoni, halafu ikiisha anakuja kusimama mlangoni kwangu kunisimulia taarifa ileile tangu mwanzo, safari hii pamoja na maoni yake, waziri kasema hivi lakini mimi naona vile, mpaka hali ya hewa ya miji ambayo hakuna kati yetu atakayeikanyaga. Saa nane mchana kuna kipindi cha afya, na baada ya kipindi hicho sheria za jikoni hubadilika, Jumatatu chumvi ni adui, Jumatano mafuta, mara tumekatazwa kunywa maji tukiwa tumesimama, na siku moja nilinyang'anywa sukari mkononi kijiko kikiwa njiani kwenda kwenye kikombe changu mwenyewe. Miaka sita, Shangazi, na sikuwahi kusema neno, nilimeza, nikatabasamu, nikashona.

Sasa chumba changu cha kushonea kina dirisha moja na linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo humo ndani hata adhuhuri ni kama magharibi na taa inawaka kutwa. Nilikuwa na balbu ya zamani, ya mwanga wa njano, inanichoma utosi, na ndiyo iliyonifanya nishone suruali nyeusi ya mtu kwa uzi wa bluu. Miezi mitatu iliyopita nikanunua taa nne za LED, zile zinazomwagwa kwenye kikapu nje ya duka la vyombo, muuzaji akaniambia mama hizi zinakula umeme kama kuku anavyokunywa maji. Nikafunga mbili juu ya cherehani na mbili juu ya meza, chumba kikang'aa kama chumba cha upasuaji, nikatunga uzi kwenye sindano mara moja bila kulamba, nikafurahi peke yangu kama mwehu. Upande wa pili wa ukuta redio ikaanza kukoroma.

Siku ya kwanza baba aliipiga kofi. Siku ya pili alivuta antena, akaiongezea waya, akaupitisha dirishani. Mimi wala sikuhusisha mambo hayo mawili, naapa, mpaka mchana mmoja nilipozima taa niende jikoni nikasikia nyuma yangu mtangazaji amerudi, safi kabisa, kama amekaa sebuleni na mguu juu ya mguu. Nikarudi nikawasha, ikakoroma. Nikazima, mtangazaji. Nikasimama pale kidole kikiwa kwenye swichi, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na bado hajaangalia nyuma kama kuna anayemwona. Ningeweza kumwambia palepale, na mdomo niliufungua. Lakini ilikuwa saa nane kasoro dakika tatu, kipindi cha afya kilikuwa kinakuja, na jikoni nilikuwa na viazi nilivyokwisha kumenya nikitaka kuvikaanga kwa mafuta mengi. Nikawasha taa.

Basi nikazoea. Kipindi cha afya nawasha zote nne hata kama sina cha kushona. Ukija wimbo mzuri nazima, nakaa gizani nausikiliza na mimi. Taarifa ya habari naikoromesha katikati, halafu mwishoni namwachia hali ya hewa ili asikate tamaa kabisa. Nilikuwa mhariri wa nyumba nzima na hakuna aliyejua.

Mume wangu akamwita fundi redio wa mtaani kwetu. Mara ya kwanza fundi alipangusa vumbi, mara ya pili alibadilisha spika, na kila mara redio ikiwa kibandani kwake inaimba kama kinanda, ikirudi kwenye rafu inakoroma. Mara ya tatu akaja mwenyewe na bisibisi zake, akasimama sebuleni akiutazama ukuta, akazunguka, akaja mlangoni kwangu, akatazama juu, halafu akanitazama mimi. "Mama," akasema polepole, "hizi taa zimefungwa lini?" Nikamwambia majuzijuzi tu. Akanieleza kwamba ndani ya kila taa ya namna hii kuna kidude kinachogeuza umeme, kikiwa cha ovyo kinatoa makelele ambayo sisi hatuyasikii lakini redio inayasikia, na waya za ukutani zinayabeba. Nikamwomba asimwambie baba, nitamwambia mwenyewe. Hakukubali na hakukataa, alikusanya vyombo vyake akasema, "Mimi redio hii siigusi tena, maana haiumwi." Tangu siku hiyo nikipita kibandani kwake ananisalimia akitazama viatu vyangu.

Halafu baba akaacha kuiwasha redio. Siku mbili za kwanza nilishangilia kimoyomoyo. Siku ya tatu ukimya ukaanza kunielemea. Anakaa kwenye kiti chake mikono juu ya magoti. Nikimuuliza, baba, nikuletee chai, anachelewa kujibu, anautazama mdomo wangu kwanza. Watoto wakimsemesha anawaambia warudie. Nikafikiri labda amenuna. Wiki iliyopita nikaamua kumjaribu, nikaiacha cherehani ikauke mafuta makusudi na nikashona hivyohivyo, ikapiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, na upande wa pili wa ukuta kimya. Nikachungulia. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, sikio liko ukutani, uso umekunjamana, midomo inataka kusema kitu. Halafu akatikisa kichwa, akarudi kwenye kiti. Alisikia, Shangazi. Hakuamini alichosikia.

Ijumaa mume wangu aliporudi niliwasikia barazani. Baba alimwambia fundi ameshindwa kuona ugonjwa wa redio mara tatu kwa sababu redio haina ugonjwa, ni masikio yake yanayokoroma, na sisi tunaosema tunausikia mkoromo tunamfariji tu, na akaomba apelekwe hospitali. Wameandikishwa Jumamosi inayokuja. Kisha akasema kama daktari atathibitisha, atahamia kwa wifi yangu mkubwa, ambaye anaishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Mume wangu akauliza kwa nini. Baba akajibu, "Mkeo ni mpole, hawezi kupaza sauti. Sitaki aanze kupiga kelele ndani ya nyumba yake kwa ajili yangu."

Mpole. Neno hilo tangu Ijumaa linanitembea mwilini kama mwiba wa samaki. Nikisema kweli, itabidi niseme pia miezi mitatu yote, na mume wangu atajua, na wifi atajua, na huyo akishajua kitu ukoo mzima umejua. Na taa bado nazihitaji, shule zinakaribia kufunguliwa na nina sare za kushona mpaka darini. Nimewaza kitu kimoja, nizitoe taa kimyakimya kabla ya Jumamosi, redio ipone yenyewe kimuujiza, baba afurahi asiende popote, na yaishe bila mtu kuumbuka. Je, hiyo haitoshi? Naomba msaada wako, nimekonda, hata mkanda wa kupimia umeniambia.

Ni mimi, Mpole wa Cherehani.

*

Mpole wa Cherehani, marahaba.

Barua yako ilinifikia Jumanne na ulikuwa umeandika namba ya simu nyuma ya bahasha, nikakupigia saa ileile, kwa sababu Jumamosi ya hospitali isingesubiri gazeti. Mara mbili hukupokea. Mara ya tatu ulipokea ukasema kwa sauti ndogo, "Umekosea namba," nikajua baba yuko karibu. Ulipotoka nje ukanipigia, nilikwambia haya ninayoyaandika hapa, na nayachapisha kwa ruhusa yako ili wasome na wengine wenye swichi zao majumbani.

Nikiri kwanza. Nilicheka. Nilipofika kwenye viazi mwenzangu wa meza ya pili alikuja kuuliza nina nini. Nilipofika kwenye cherehani iliyokaushwa mafuta nikaacha kucheka, na sikucheka tena mpaka mwisho.

Nakuelewa, mwanangu. Kukaa kutwa na sauti ya mtu mwingine, siku tano za wiki, mwenye baba yuko barabarani anasikiliza muziki anaoutaka kwenye lori lake, si kazi ndogo. Ungekuwa ofisini ungepewa likizo. Mumeo naye ana fungu lake katika jambo hili, alikuachia mzee na redio akadhani ukitabasamu umeridhika. Huruma yangu inaishia hapo.

Kwa sababu ulikuwa na njia nyingine nyepesi kabisa na hukuijaribu hata siku moja. "Baba, naomba upunguze sauti kidogo." Maneno matano. Miaka sita hukuyasema, halafu ukapata swichi ukaona afadhali swichi. Hujui hata angejibu nini. Na viazi, ungemwambia baba leo nakaanga. Kwani angekufunga jela?

Umemfanyia nini hasa? Mtu aliyelisha familia kwa sikio lake, aliyezeeka akiwa na macho mabovu na sikio zima, wewe umemfanya alitilie shaka hilo sikio. Amesikia cherehani ikilia na amejiambia anaota. Ulimwona, na ukarudi kushona. Siku ile ndiyo ungeniandikia, usingesubiri Ijumaa.

Mpango wako wa muujiza nimeukataa kwenye simu na naukataa hapa. Redio ikipona yenyewe, baba atabaki na miezi mitatu ambayo masikio yake yalimdanganya. Siku mvua itakaponyesha na stesheni ikayumba kidogo, atafungasha nguo zake bila hata kumwambia mtu. Na fundi redio je? Huyo bwana anajua, na anatazama viatu vyako kwa sababu umembebesha siri ambayo hakuiomba. Ukimwona, mtazame machoni na umwombe radhi na yeye.

Utasema, na utasema wewe, kabla ya Jumamosi na kabla mumeo hajarudi. Alhamisi, watoto wakiwa shule. Usianze kwa kulia, maana ukilia yeye ndiye atakayekubembeleza na utakuwa umemwibia mara ya pili. Washa redio yake, iache ikorome. Mlete chumbani kwako, mpe kiti, umwambie, baba, naomba uiguse swichi hii. Usimweleze kitu. Mwache azime, awashe, azime, mpaka aone mwenyewe, kama alivyokuwa akiona beringi zake, kwa sababu mtu wa namna hiyo anaamini anachosikia kuliko anachoambiwa. Akishaona, sema kwamba ulijua, sema tangu lini, sema kwa nini ulinyamaza. Usiseme taa ndizo zilizofanya. Taa haina kidole. Halafu funga mdomo upokee kitakachokuja, hata kikiwa kikali, hata kikiwa kimya cha siku kadhaa. Na mumeo umpigie simu jioni hiyohiyo, asisikie kwa wifi.

Sasa taa. Nimemuuliza fundi mmoja ninayemwamini, maana mimi najua ya watu, ya nyaya sijui. Anasema taa hizi hazifanani. Zilizotengenezwa vizuri zina kichujio ndani cha kuzuia hayo makelele, za ovyo hawakujisumbua. Huenda hata katika hizo nne zako zote si mbaya, kwa hiyo ziwashe moja moja redio ikiwa inasema, utaijua yenye kosa. Ukienda kununua nyingine chukua kijiredio cha betri, mwambie muuzaji aiwashe taa, kisogeze karibu, kikikoroma mrudishie taa yake kikapuni. Rafu ya redio ihamie ukuta wa mbali na chumba chako, na antena isipite karibu na nyaya za umeme. Kukibaki mkoromo kidogo, mpeni fundi wenu abane kile kipete cheusi cha chuma kwenye waya wa redio, anakijua. Sare zitashonwa, mwanga utakuwepo, mzee atasikiliza. Hakukuwa na ugomvi kati ya taa na redio hata kidogo.

Hospitali nendeni vilevile. Mtu wa umri wake kupimwa masikio ni jambo la kawaida, na mkiwa hukohuko, mniulizie hayo macho. Nimesoma mstari wako wa kwanza kuhusu mtoto wa jicho na ukapita kama umetaja rangi ya shati. Mtoto wa jicho hutolewa. Ninyi wawili mlikuwa mnasubiri nini?

*

Wasomaji, barua hiyo na jibu langu niliviweka kwenye droo nikisema sichapishi mpaka nijue ilikuwaje. Wiki mbili baadaye ikaja hii.

*

Shangazi, nilifanya kama ulivyosema, Alhamisi, saa nne asubuhi. Baba alibonyeza swichi mara kumi na moja, nilihesabu kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya na mikono yangu. Mara ya tano alianza kutabasamu, akazunguka kwenda kuigusa redio yake, akarudi, akabonyeza tena. Aliniambia, "Kumbe ni hizi," kwa furaha, kama mtu aliyepata ufunguo, na hapo ndipo ilinibidi nimwambie kwamba nilijua.

Hakupaza sauti. Aliuliza tangu lini, nikamwambia. Akaenda barazani akakaa huko mpaka watoto waliporudi shule, chakula cha mchana hakukigusa, na jioni aliongea na wajukuu tu. Mume wangu nilimpigia simu, akacheka, na kicheko hicho sikukipenda, lakini aliporudi alinikalisha chini akaniambia na yeye alijua sauti iko juu, ila kwa kuwa mimi nilinyamaza alidhani nimeridhika.

Kesho yake asubuhi baba alikuja akasimama mlangoni kwangu, palepale anaposimamaga. Nilikuwa nakunja pindo. Alisema, "Ungeniambia nipunguze." Nikasema ndiyo, baba. Akasema, "Habari nilikuwa nakusimulia kwa sababu ya hiyo cherehani. Inapiga kelele. Nilidhani husikii kitu humu ndani."

Shangazi, nililaza kichwa juu ya meza ya kushonea nikalia kuliko nilivyolia msibani kwa mama mkwe. Aliniacha nilie. Baadaye kidogo nikasikia anasema, taratibu, "Mama, hiyo ni nguo ya watu." Nikainua kichwa, nikakuta nimeilowanisha sare ya mtoto wa mtu tangu kola mpaka mfukoni. Nikaipiga pasi.

Katika taa nne, mbili ndizo zilizokuwa na kosa. Tulikwenda kununua nyingine mimi na fundi redio, yeye kashika kijiredio, muuzaji akatuangalia kama watu walioagizwa na serikali. Rafu imehamia ukuta wa upande wa barazani. Wifi amejua. Amenipigia simu mara tatu, simu ya tatu niliizoea.

Jumamosi tulikwenda hospitali sote watatu. Daktari alimchungulia baba sikio la kulia akasema liko sawa. Akachungulia la kushoto, akachukua chombo, akatoa humo bonge la nta kama punje ya harage. Baba akageuza kichwa huku na huku, akasema dirisha la chumba cha pili linagongagonga, bawaba imelegea. Kwa macho nako ameandikishwa mwezi ujao, jicho la kulia kwanza. Kwa hiyo, Shangazi, si kwamba najitetea, lakini unaona mwenyewe kwamba shida kidogo ilikuwepo kweli.

Nakuandikia tena kwa sababu nina tatizo jipya. Sasa baba anasikia kila kitu. Redio ameipunguza mpaka mimi ndiye ninayemwambia aongeze. Jana kipindi cha afya kimepiga marufuku vitunguu vya kukaanga, nikiwa jikoni peke yangu nikasema, si kwa kunong'ona hata, nilichezesha midomo tu, kwamba huyo daktari wao anakula nini mwenzetu, na sebuleni nikajibiwa, "Hata mimi najiuliza." Sina tena mahali pa kunung'unika ndani ya nyumba hii. Nifanyeje?

*

Mpole, usinung'unike. Sema mezani, kwa sauti ya kawaida, mkiwa wote mmekaa, maana umeshaona kwamba mwenzako naye anajiuliza hayohayo. Na hiyo nta isikupe kichwa. Ilikuwa ya sikio moja tu.